Mikono ya Baba Kwenye Msumeno

Shuleni, Nkubu
19 Mei 2024

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, kikohozi kimeisha. Wewe je, unakula vizuri?

Baba, nilipokuwa nikifunga sanduku langu, niliona glavu yako chini ya kitanda. Msumeno umekata vidole vyake viwili. Uliniambia ilipotea kiwandani. Tangu tumzike mama mwezi wa Februari hulali, na ulirudi kupasua mbao siku ya tatu baada ya mazishi. Mwalimu wetu wa ushauri, Madamu Kathambi, anasema mwenye huzuni nyingi anaweza kutazama kitu asikione. Tafadhali mwombe msimamizi wako kazi nyingine kwa muda. Sina mzazi mwingine.

Binti yako,
Kinya

Muthara
2 Juni 2024

Kinya, mama yangu,

Wewe umebeba jina la mama yangu, kwa hivyo siwezi kukudanganya. Glavu ilikatwa. Vidole bado ni kumi. Ng'ombe amezaa ndama dume, na nyanya yako anakusalimu.

Lakini nimwambie msimamizi wetu, Bwana Njuki, nini? Mwaka jana mwenzetu wa kiwandani, Bundi, alisema ana mawazo, na mpaka leo Salesio wa mashine ya pili humwita Bibi Arusi. "Bibi Arusi, umeshalia leo?" Sote hucheka. Hata mimi. Wewe soma, haya niachie.

Baba yako

Shuleni, Nkubu
16 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za ndama na nyanya.

Je, Bundi alikuwa na mawazo gani? Kuna aliyemwuliza? Samahani kama nimekosa adabu. Ikiwa nawe ulicheka, unaweza kuwa wa kwanza kuacha.

Binti yako,
Kinya

Shuleni, Nkubu
7 Julai 2024

Baba,

Hujambo? Wiki tatu hujajibu. Mwanafunzi yeyote akiitwa ofisini, nadhani ni mimi ninayeitwa kupewa habari mbaya. Andika hata mstari mmoja.

Binti yako,
Kinya

Muthara
14 Julai 2024

Mama yangu Kinya,

Nisamehe. Sisi wa huku tu wazima wote. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na la kukuambia lisilo uongo.

Wiki iliyopita nilikuwa nikisukuma gogo, nikamsikia mama yako akiniita langoni. Nikageuka. Kisha nikazima mashine. Salesio akadhani umeme umekatika, akapaza sauti, "Mzee, stima imepotea?"

"Stima iko," nikasema. "Mimi ndiye siko."

Hakuna aliyecheka. Nilimweleza Njuki yote mbele yao, kisha nikamwomba Bundi msamaha. Kumbe mwaka jana mtoto wake alikuwa amelazwa miezi miwili! Tulifanya kazi meza moja, nami sikujua.

Njuki amenipeleka uani kupanga mbao, kwa mshahara uleule, na kila Alhamisi ananipa ruhusa niende kuzungumza na mshauri hospitalini. Sasa kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, anamwuliza kila mtu: "Umelala? Akili iko hapa?" Anayesema hapana anakuja uani, bila kuulizwa sababu. Juzi Salesio alisema hapana. Bundi, aliyekuwa uani nami siku hiyo, akamwambia, "Shika upande huu wa ubao."

Jana Njuki aliniuliza kama niko tayari kurudi kwenye msumeno. Nikamwambia bado. Nilisema mbele ya wote, Kinya, wala sikuona haya.

Baba yako