Aliyegeuza Kioo

Isamilo, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu Bernadeta,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti lako limetulia tangu mvua zianze. Wanaoshuka na meli wanatuambia huko Bukoba migomba imestawi mwaka huu, nami nimefurahi kusikia hivyo. Mimi ni mzima wa mwili. Najua umenipigia simu mara nyingi wiki hii na sikupokea. Usidhani simu imeharibika. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningepandisha sauti, nawe ungenikatiza, na ninachotaka ni uyapokee mambo haya kwa mpangilio ule ule nilioyapitia mimi, hata yale unayoyajua. Tafadhali usiruke ukurasa.

Unajua ninavyokaa. Nilipopanga hapa juu kwa Chetan, kabla sijaleta kitu hata kimoja, nilikaa sakafuni tangu asubuhi mpaka jioni nikitazama mwanga unavyotembea chumbani. Ndipo nikajua kiti kikae wapi, meza ikae wapi, na kitanda kijifiche kona gani. Watu hushangaa mpiga picha asiyetundika picha hata moja ukutani. Lakini kutwa nzima nashinda na nyuso za watu. Nikirudi nataka ukuta usioniangalia. Na kila nikisafiri kikazi husimama mlangoni nikakipiga chumba picha kwa simu. Sifanyi hivyo kwa kuogopa wezi. Jicho huzoea fujo za nyumba yake mwenyewe likaacha kuziona, ila picha haizoei. Nikirudi naitazama, naona cha kuondoa.

Mama alikuja hapa mara moja tu, mwaka ule nilipoachana na Muganyizi. Ulikuwepo. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani, akatazama, akasema nyumba yenye kiti kimoja ni ya mtu aliyefukuza watu. Nikamjibu jibu ambalo sitaliandika hapa, ulilisikia. Akasema hatakanyaga tena kwangu mpaka nimwombe. Sikumwomba.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, nilirudi kutoka kwenye harusi Magu nikakuta kiti kimegeuzwa. Mimi hukiweka kitazame dirisha, kimepokea mwanga wa ziwani kwa upande wa kushoto. Kilikuwa kimelipa dirisha mgongo. Nikafungua picha niliyoipiga asubuhi, nikalinganisha. Sikuwa nimekosea. Nikakagua kamera, lenzi, nguo, hata sukari. Hakuna kilichopungua. Nikajiambia nimechoka.

Safari iliyofuata, ndoo ya bafuni ilikuwa imeoshwa na kufunikwa kifudifudi ukutani, wakati mimi huiacha na maji. Kisha nikaenda Ukerewe kupiga picha za kipaimara. Niliporudi nilikuta kioo, kile kilichotundikwa pembeni ya mlango, kimegeuzwa kinatazama ukuta. Dada, nilisimama pale mlangoni mkoba ukiwa bado begani. Mwizi huchukua. Huyu hachukui kitu. Anaingia, anageuza kioo, anafunga mlango vizuri, anaondoka. Ni mtu gani huyo?

Nilikusimulia kwenye simu. Ukasema haraka labda ni upepo. Nikashangaa, upepo gani unaokitoa kioo kwenye msumari, unakigeuza, na kukirudisha? Lakini wewe ndiye dada yangu, nikaliacha. Na mwisho wa mazungumzo ukaniuliza, kama ilivyokuwa kawaida yako siku hizo, safari yangu nyingine ni lini. Nikakutajia.

Wa kwanza kumshuku alikuwa Chetan, maana mwenye nyumba ana ufunguo wa pili. Nilimfuata dukani kwake mjini. Palikuwa na wateja wanachagua vitambaa, mkewe Savita anawapimia. Ningesubiri, lakini sikusubiri. Nilimwambia pale pale kwamba mwanaume mzima haingii chumbani kwa mwanamke anayeishi peke yake. Savita aliacha kupima. Chetan hakubisha. Alikwenda nyuma, akarudi na ufunguo, akauweka mbele yangu juu ya kitambaa. Akasema, "Baba yangu alianza kupangisha nyumba ile kabla hujazaliwa. Hakuna mpangaji aliyewahi kutuambia neno hilo." Nikauchukua, nikaondoka nikijiona nimeshinda.

Lakini ufunguo wa Chetan ukiwa ndani ya mkoba wangu, mtu yule aliingia tena. Safari hii aliacha kitu. Chini ya mkeka, karibu na kiti, niliokota punje ya kahawa ya kutafuna, ya kwetu, iliyokaushwa na majani yake.

Nani mwingine Mwanza hii anatembea na kahawa ya kutafuna mfukoni kama si Muganyizi? Nikampigia baada ya muda wote ule wa kutosemeshana. Akacheka, akadhani namtafutia sababu ya kurudiana. Nilipomwambia nitakwenda polisi, akaacha kucheka, akaapa kwa jina la marehemu baba yake, akakata simu. Sikumwamini. Nikaanza kuliona gari lake kila mahali. Nikiwa stendi Nyegezi naliona, nikiwa sokoni naliona, kumbe ni magari ya watu wengine. Nikawa nabana uzi kwenye mlango kabla ya kutoka. Nikawa nanusa vikombe na foronya. Nyumba ambayo niliipanga ili nipumzike nikawa naishi ndani yake kama mtu aliyekwenda kupeleleza kwa jirani.

Ndipo siku moja, nikiwa nimekaa sakafuni maana kiti chenyewe nilikuwa sikitaki tena, nikahesabu funguo. Mmoja wangu. Mmoja wa Chetan, ninao. Na wa tatu nilikupa wewe, dada, siku ile ile Mama alipogoma kuingia, nikakwambia lolote likinitokea uje ufungue.

Sikutaka kuamini. Lakini jambo likishaingia kichwani halitoki. Nikakumbuka ule upepo wako nilipokutajia kioo. Nikakumbuka unavyoulizia safari zangu. Nikajijengea hadithi kamili: kwamba umempa Muganyizi ufunguo, kwamba wewe na shemeji mnataka turudiane, na kwamba yeye anakuja kukaa kwenye kiti changu na kujizoesha kuwa mwenye nyumba. Nilikuchukia. Naandika hivyo hivyo bila kupunguza, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nikamleta fundi, akabadilisha kitasa. Sikumwambia mtu. Halafu nikakupigia, nikajifanya mchangamfu, nikakwambia Alhamisi nitashinda Bujora nikipiga picha za wacheza ngoma kwa ajili ya kalenda. Kazi ilikuwepo kweli. Lakini nilimwachia mwenzangu Yakobo aimalizie, mimi nikarudi adhuhuri ili nimkute mtu wangu akihangaika mlangoni. Njiani nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia Muganyizi.

Unazijua ngazi zangu, zile za mawe zinazopanda katikati ya majabali. Saa za mchana hazina kivuli hata cha kuku. Nilipofika katikati nikaona mtu amekaa kwenye ngazi ya juu, ameegemea mlango wangu, kanga begani. Nilidhani ni ombaomba aliyekosa njia. Pembeni yake palikuwa na matapishi aliyojaribu kuyafunika kwa mchanga. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimemteleza, na kichwa kilikuwa kitupu, hakina unywele. Nikapanda ngazi nyingine. Mkononi alikuwa ameshika ufunguo.

Alikuwa Mama.

Aliinua uso akanitazama, wala hakushtuka. Akasema, "Mlango wako umenikataa. Nimeujaribu mpaka mkono ukachoka."

Dada, nimeona watu wengi katika dakika zao mbaya, maana hata misibani huniita. Sijawahi kukosa cha kufanya na mikono yangu kama siku ile. Nikamwinua. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito wa Mama tunayemjua, nikainua kitu kama kikapu kitupu. Nikamwingiza ndani, nikamlaza, nikamlowesha uso. Alikuwa amekaa juani tangu alipotoka hospitali.

Alinisimulia kidogo kidogo, kila akipata pumzi. Kwamba ni saratani. Kwamba wewe humleta na meli, mnafikia kwa shangazi Sabina kule Kisesa, na siku ya dripu ya dawa unampitisha kwangu apumzike kabla ya kurudi, maana kwangu ni karibu na hospitali, nayo barabara ya Kisesa inamtapisha. Kwamba siku ile wewe uliuguliwa na mtoto, akaja na jirani wa shangazi, akamwambia amwache chini ya ngazi, atapanda mwenyewe. Mwanga wa dirishani humuumiza macho baada ya dawa, ndiyo maana akakigeuza kiti. Ndoo ilikuwa ya kutapikia, na kahawa hutafuna kukata kichefuchefu. Na kioo alikigeuza siku nywele zilipoanza kubaki kwenye mto, halafu mkaondoka kwa haraka, akasahau kukirudisha.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alikuapisha wewe usiseme. Nikamuuliza, sasa kwa nini kwangu, wakati aliapa hatakanyaga? Alifumba macho nikadhani amelala. Kisha akasema, "Ningekuja ukijua, ungenipangia. Nilitaka kuona unavyoishi kabla hujaweka pozi." Akapumzika. "Nilikosea kusema umefukuza watu. Umechoka tu."

Nimelia mpaka leo, na sijamaliza.

Tangu Alhamisi ile Mama yuko kwangu, na haendi tena Kisesa. Amelala kitandani pangu, amelitundikia dirisha kanga zake mbili zisizofanana, na sanduku lake amelibwaga katikati ya chumba. Nimeacha hivyo. Jana nilikwenda dukani kwa Chetan, nikamwomba radhi mbele ya wateja vile vile, nikamkabidhi ufunguo wa kitasa kipya. Aliupokea, akaniuliza hali ya mgonjwa tu. Jioni Savita akapanda mwenyewe na supu ya dengu. Muganyizi nimemwandikia ujumbe. Amejibu kwamba atamwombea Mama. Kwamba amenisamehe hakusema, na sikumdai.

Na wewe, dada. Ulitii kiapo cha Mama, hilo naelewa, na pengine ningefanya hivyo hivyo. Lakini kila ulipoulizia safari zangu nilifurahi. Nilijiambia, angalau yuko mtu mmoja anayetaka kujua niko wapi. Hilo ndilo limeniuma kuliko kitasa, kuliko kioo.

Sasa nikueleze kwa nini nimeshika kalamu. Juzi nilimpeleka Mama kwa daktari. Alipoitwa nikasimama niingie naye. Akanizuia, akasema nikae kwenye benchi, ana jambo la kike. Mimi ni mwanawe wa kike. Alikaa ndani muda mrefu, akatoka akitabasamu, akaniambia daktari amefurahi sana, zimebaki dripu chache, na mwezi wa saba atakuwa shambani kwake anaanika kahawa.

Bernadeta, kazi yangu ni kuwaambia watu watabasamu. Nalijua tabasamu la mtu aliyeambiwa atabasamu.

Wewe ulikuwa ukiingia naye mle ndani. Ulisikia. Niandikie alichosema daktari, neno kwa neno, kama kilivyotoka kinywani mwake, bila kunichagulia. Kama kuna kiapo kingine umemlia Mama, kivunje. Nitasoma nikiwa nimekaa, na nitamficha Mama kwamba najua, kama hivyo ndivyo anavyotaka. Lakini mimi usinifiche.

Barua hii ataileta Alexander anayefanya kazi melini, naye atasubiri jibu lako bandarini kabla meli haijageuka. Nisalimie shemeji, na yule mtoto aliyeugua umpe pole yangu. Mwambie mama yake mdogo anampenda. Mama amelala. Angejua naandika angetuma salamu, basi zipokee kana kwamba amezituma.

Ni mimi mdogo wako,
Adventina