Gesi za Ng'ombe wa Theta

Kiandutu, Thika
11 Agosti 1996

Kwako ndugu yangu mkubwa Bedan,

Sasa? Natumai barua hii itakukuta huko Nakuru ukiwa mzima, na ule mgongo umeacha kukusumbua. Mimi niko fiti, ila kichwa kinaniuma kwa ajili ya ng'ombe. Mama hajambo, anauliza kama unakula. Baba naye ni mzima kupita kiasi, utaona.

Kwanza nijisifu, maana wewe hutanisifu. Huyu ndugu yako aliyeachia shule Form Two sasa anafanya kazi na watafiti wa Nairobi. Tunapima gesi. Usicheke! Wanasema ng'ombe akicheua hutoa gesi inayoongeza joto duniani, na kila nchi inatakiwa ijue inatoa kiasi gani, na miaka ya nyuma ilitoa kiasi gani. Huwezi kufunga mfuko kwenye mdomo wa kila ng'ombe wa Kenya, kwa hivyo unahesabu ng'ombe, halafu wasomi wanazidisha. Wa kuhesabu ndio mimi.

Sasa sikiza balaa. Mwaka wa tisini watu waliulizwa tu nyumbani kwao. Mwaka huu ng'ombe walihesabiwa wakiingia joshoni. Loo! Ikaonekana wa kijiji cha Theta wameongezeka karibu mara mbili. Bwana Kisilu, mkubwa wetu, alishika kichwa akauliza kama fahali wa huko huwa wanapumzika. Nikamwambia, kwa ule upole wangu, kwamba yeye ni wa Machakos na hatujui sisi: mzee mwenye ng'ombe watano huacha wawili nyumbani, wengine anawaficha kwa rafiki ili ndugu zake wasiombe. Ukimwuliza, anakuonyesha hao wawili na uso wa matanga. Rafiki naye anasema si wake.

Badala ya kunipandisha cheo, akasema basi hesabu ya tisini irudiwe kama ya mwaka huu, kila ng'ombe popote alipokuwa, la sivyo tutaandika gesi imepanda kumbe tumebadilisha tu namna ya kuhesabu. Nikarudishwa kwa miguu, boma kwa boma, kuuliza ni ng'ombe gani alikuwa hai mwaka gani. Ngai! Wazee wa Theta wamenitukana mpaka basi. Mmoja aliuliza kama mama alinilipia shule nije nihesabu mashuzi.

Ndivyo nilivyofika juzi kwa mzee Ngigi, rafiki wa baba. Bedan, zizini nilimkuta Nyange. Nyange wetu, na lile sikio lililoraruliwa na mbwa! Yule ambaye baba alisema amekufa kwa ndigana pamoja na wenzake wawili, ukaambiwa usahau mahari ya Maggie kwanza. Nilimsogelea akanitandika teke. Marehemu gani huyo? Wako wote watatu, wanono, na ndama juu. Mzee Ngigi alishikwa na kikohozi.

Nilienda moja kwa moja hadi nyumbani Ngoingwa. Baba hakukana. Alisema ndugu zake wangewamaliza, na kwamba wewe bado kijana, Maggie atangoja. Angoje nini jamani, azeeke? Kisha akaniomba niseme kwa Ngigi hakuna kitu. Nilichoka! Nikamwambia sifuti hata kwato, na kwamba hesabu itasomwa kwenye baraza la chifu, kila ng'ombe na mwenyewe, mbele ya ndugu zake wote. Baba aliisukuma chai kando. Halafu akasema afadhali waende kwa wakwe kuliko waishie midomoni mwa ndugu.

Jumamosi ijayo wanapelekwa Ruiru kwa kina Maggie. Omba ruhusa kazini uje, uvae lile koti zuri, maana nikisimama karibu nawe watachanganyikiwa bwana harusi ni nani.

Mama anakusalimu sana. Baba hajatuma salamu, bado amenuna.

Lakini hakuna baraza, Bedan. Majina ya wenye ng'ombe hata hatuyaandiki, tunachukua idadi tu. Chunga mdomo wako mpaka wazee wa Ruiru washike kamba.

Ni mimi mdogo wako, fundi wa gesi,
Muraya