Mtu Baki Aliyesaini

Wodi ya Upasuaji ya Wanawake,
Kitanda namba 14.
9 Juni

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Salamu kwanza, maana sikulelewa porini. Hujambo? Wifi hajambo? Miguu yake imepungua kuvimba? Mimi ukiniuliza, na hujaniuliza, ni mzima wa mdomo tu. Kwingine kote ni bandeji.

Mama amenisomea ujumbe wako: "Kwa nini mtu baki amesaini mambo ya ukoo?" Nilicheka mpaka mshono ukauma. Kisha nikaomba kalamu.

Sikiliza. Ile saratani ya utumbo waliitoa vizuri. Siku ya tano mishono ya ndani ikaachia, tumbo likajaa damu, nikapoteza fahamu. Daktari akataka kunirudisha chumba cha upasuaji papo hapo. Mama akapewa fomu, akaishika, akasema, "Subirini, hatufanyi kitu bila Mkubwa."

Ndivyo tulivyo kwetu. Hata kitasa kikibadilishwa, lazima upigiwe simu wewe. Ulipigiwa mara kumi na moja, Kaka! Mwisho ukakata. Eti ulikuwa kikaoni. Saa nzima navuja damu, na Mama, na akili zake timamu, anakusubiri utoke kikaoni. Nina hasira naye pia, lakini yeye nimeshamgombeza ana kwa ana, akalia, yakaisha.

Aliyeniokoa ni jirani yangu fundi cherehani, yule unayemwita Kiherehere. Alikuja kuniletea nguo safi. Akaichukua fomu mikononi mwa Mama, akamwambia muuguzi, "Mimi ni dada yake," akasaini. Uongo mtupu.

Damu ya kuniongeza ilipopungua hospitalini, akawaleta mafundi wenzake wote wakapimwe. Wawili kundi lao la damu likaoana na langu. Kwa hiyo nimeongezewa chupa tatu: moja ya hospitali, mbili za cherehani. Siku nikianza kukupima kiuno usishangae.

Sasa nina mfuko wa choo ubavuni. Mwezi ujao wananipasua tena wauunganishe utumbo, na daktari amesema wazi kwamba damu inaweza kutoka kama mwanzo. Naogopa, sikufichi. Kutwa nahesabu vigae vya dari.

Jana wameleta fomu mpya. Penye ndugu wa karibu Mama alishaandika jina lako, kwa mazoea. Nimelikata, nimeandika la fundi. Penye uhusiano nimeandika: dada. Siku hiyo kaa kikaoni kwa raha zako, hakuna atakayekusumbua.

Nisalimie wifi na wale mapacha, waambie shangazi yao bado yupo. Mama anakusalimu, anasema usikasirike. Mimi nasema kasirika. Mungu akupe afya, na siku ukiugua akupe mtu wa kupokea simu.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado anakupenda, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.