Swali la Mwenye Farasi

Jumapili, 22 Oktoba

Theluji ya kwanza. Nyepesi, kama unga uliomwagika mezani. Kufikia saa nane mchana ilikuwa imeyeyuka.

Dubu wa hifadhi hawajagusa chakula tangu Alhamisi. Wanazubaa. Baada ya wiki mbili hivi wataingia pangoni, na moyo utashuka mpaka mapigo kumi kwa dakika. Wageni huniuliza, kwani dubu anakufa? Huwajibu: hafi, amejipunguza tu. Leo hakuuliza mtu. Hali ya hewa imewaweka wote nyumbani.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Tyra uani, amesimama kwa miguu mitatu. Mguu wa mbele wa kulia ameuinua. Kifundo kimevimba, kina joto. Nilikipapasa, nikaingia ndani, nikala viazi.

Tyra ni farasi wa Gunvor. Gunvor ni mke wangu, tulimzika Februari. Farasi ana miaka ishirini na tisa. Nayaandika haya kana kwamba siyajui.

Jumanne, 24 Oktoba

Daktari wa mifugo alikuja. Alimwendesha Tyra hatua ishirini kwenda, ishirini kurudi. Hakuhitaji zaidi.

"Baridi hii hataimaliza, Mwalimu. Ardhi ikishika barafu atateleza, ataanguka, na hatainuka tena."

Wote huniita Mwalimu. Nilifundisha biolojia miaka thelathini na sita. Tangu nistaafu, sasa ni miaka kumi na mmoja, nimekuwa nikiwatembeza wageni katika hifadhi ya wanyama hapa kijijini: dubu, mbwa mwitu na linksi, wale paka mwitu wenye mkia mfupi, upande wa juu, na upande wa chini mbuzi, kondoo na wale ng'ombe weupe wa milimani wasio na pembe. Gunvor ndiye aliyekuwa akiwakamua.

Daktari aliacha bomba la dawa ya maumivu, ya kulamba, kwenye rafu ya zizi. Akasema, ukimpa hii, ndani ya saa chache atatembea. "Ila kama unataka aende juu, kwa mbwa mwitu, usimpe hata tone. Si unajua?"

Najua! Mimi ndiye ninayewaeleza watu. Farasi akifikia mwisho wake, mwenyewe anaweza kumtoa kwa hifadhi. Hupigwa risasi moja akiwa anakula mkate, kisha wanyama wa juu wanamla. Lakini dawa hii hukaa kwenye nyama, na figo za mbwa mwitu haziivumilii. Kwa hiyo ni lazima zipite siku thelathini bila dawa. Kabla ya bunduki kutolewa kwenye gari, mwenye farasi huulizwa kwa sauti, farasi akiwa pale pale: amepewa dawa yoyote? Hakuna anayempima farasi. Linaaminiwa neno la mwenyewe, basi. Kisha anasaini na kukabidhi kamba.

Mimi ndiye huuliza. Sauti yangu inasikika vizuri, wanasema.

Alhamisi, 26 Oktoba

Nimempigia Hillevi, msimamizi wa wanyama wa juu. Nilimfundisha darasa la nane. Akasema, Ijumaa ya tarehe tatu, saa nne asubuhi. Östen, mwindaji wetu, atakuja na bunduki. "Na safari hii nitauliza mimi, Mwalimu. Huwezi kujiuliza mwenyewe."

Halafu Tove alinipigia. Binti yetu, yuko mjini.

"Baba, utawalisha mbwa mwitu farasi wa Mama?"

"Mama yako mwenyewe kasema."

"Mama alisema mambo mengi! Alisema pia uache kuvaa ile sweta."

Akataka Tyra achomwe sindano ya kumuua, kisha tumteketeze kwa heshima na kuchukua majivu. Nikamwambia alivyosema Gunvor, jikoni, akimenya viazi, wiki mbili kabla hajalazwa: Tyra asichomwe moto. Aliwe. Nisije nikamchoma kama takataka. Alinitaka nirudie kwa mdomo wangu. Nikarudia. Akanitaka tena. Nikarudia mara ya pili.

Tove alilia. Nilisubiri amalize. Akasema atakuja Jumamosi ya tarehe nne, siku ya kuwakumbuka wafu, tukawashe mishumaa makaburini kama watu wote. "Na wewe utamwambia Mama umefanya nini."

Nimepima joto la nje: nyuzi mbili.

Jumatatu, 30 Oktoba

Likizo ya shule. Watoto arobaini na moja, walimu watatu. Mbwa mwitu walilishwa saa saba mchana, paja la farasi, ngozi ikiwa bado juu. Nilieleza kwa nini ngozi haitolewi: nywele husafisha utumbo, na kazi ya kuchana huwachangamsha wanyama waliofungiwa. Wakubwa hula kwanza. Si ubaya, ni utaratibu.

Mvulana mmoja akasema anataka kutapika. Mwenzake akamwambia, jana umekula soseji nne, ulidhani zinaota mtini? Wakacheka.

Msichana mwenye kofia nyekundu aliuliza, "Huyo farasi alikuwa na jina?"

"Alikuwa nalo."

"Nani?"

Nikasema sikumbuki. Nilikumbuka. Wiki mbili zilizopita nilimuuliza mwenye farasi huyo lile swali, akasema hapana haraka haraka, akanipa kamba.

Hillevi alinitazama kutoka upande wa pili wa uzio. Baadaye akaniletea kahawa na andazi la mdalasini. "Unakula lakini?" Nakula.

Jumatano, 1 Novemba

Barafu imeshika. Nyuzi tano chini ya sifuri.

Saa tisa alasiri Tyra alikuwa chini zizini. Farasi halali chini muda mrefu, mwili wake mwenyewe unamponda — uzito hukandamiza mapafu na misuli. Nilimsukuma begani. Akajaribu. Magoti, nusu, akaanguka. Akajaribu tena. Akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Si kubwa. Kama mlango wa kabati.

Jasho limemtoka katika baridi hiyo. Pua zimepanuka. Nikahesabu pumzi: arobaini na nane kwa dakika, badala ya kumi na mbili. Nilisimama nikihesabu. Dakika kumi. Labda zaidi. Nilijua cha kufanya: kumpigia Hillevi, waje leo leo. Östen alikuwa msituni kwenye mawindo, simu haishiki. Hillevi alikuwa kwa daktari wa meno, kilomita tisini. Nilijaribu wote wawili. Nikajaribu tena.

Zilibaki siku mbili tu.

Nikachukua bomba rafuni. Nikasoma maelezo yake yote mpaka chini, na tahadhari. Nikaliingiza kwenye pembe ya mdomo wake, nikasukuma mpaka alama ya mwisho. Alilamba midomo. Dawa ina ladha ya tufaha, wameitengeneza hivyo makusudi.

Sikuamua. Ni mkono tu uliokwenda.

Baada ya saa mbili alisimama mwenyewe. Nikampa nyasi kavu. Nikalifunga bomba tupu kwenye gazeti, nikalitia kwenye pipa la taka.

Alhamisi, 2 Novemba

Tyra anakula. Sikumpigia mtu.

Hillevi alipiga, alikuwa ameona nilimtafuta jana. Kuna nini? Nikasema nilitaka kuthibitisha saa.

Ijumaa, 3 Novemba

Saa nne na nusu. Naandika katika chumba cha chakula cha wafanyakazi. Daftari lilikuwa mfukoni.

Nieleze kwa mpangilio. Nilimpandisha Tyra kwenye trela saa tatu. Alipanda bila kuvutwa. Tulipofika Östen alikuwa ameegemea gari lake.

"Mzee mwenzangu, hiyo kofia umemnyang'anya mbuzi gani?"

"Mkubwa wao," nikasema.

"Anataka arudishiwe." Halafu akavua kofia yake mwenyewe, akaishika. Hajawahi kuivua mbele yangu.

Nikafungua trela. Tyra akashuka. Akashuka vizuri! Akaweka mguu wa kulia chini kwenye barafu, akauegemeza uzito wote, akainua kichwa. Mbwa mwitu wanne walikuja wakifuata uzio. Yeye aliwatazama tu. Nikamwongoza hatua thelathini mpaka pale penye mchanga. Hakuchechemea hata hatua moja.

Östen akapiga mluzi. "Huyu ndiye mgonjwa? Huyu anakwenda kama anawahi dansi!"

Hillevi hakucheka. Alikuwa na fomu kwenye ubao, kalamu imefungwa kwa kamba. Alitazama kifundo. Akachuchumaa, akakipapasa kwa mikono yote miwili, kwa muda. Alipoinuka aliangalia mbali, kule kwa mbuzi.

"Mwalimu," akasema. "Nitauliza mara moja tu. Na utakachosema ndicho nitakachoandika."

Sauti yake haikuwa kali. Ingekuwa kali ningejibu.

"Naomba dakika tano," nikasema. Hakuna aliyewahi kuomba dakika tano. Hillevi akachukua kamba mkononi mwangu, akasema, "Chukua kumi."

Basi. Nikisema ndiyo, Tyra hataliwa. Kumrudisha nyumbani siku thelathini bila dawa, kwa mguu ule, siwezi, nimeshaona siwezi. Atachomwa sindano leo hii, na lori la kiwandani litamfuata, na watamteketeza. Kesho nitasimama na mshumaa mbele ya jiwe la Gunvor. Nikisema hapana, ahadi imetimia. Bomba moja ndani ya kilo mia sita, mbwa mwitu wanne, paja hili na lile — nimeipiga hesabu mara tatu usiku wa kuamkia leo. Huenda lisiwadhuru. Huenda. Yule jike mdogo figo zake ni mbovu tangu majira ya kuchipua.

Kwa miaka kumi na mmoja nimewauliza wenye farasi. Wote walinijibu haraka. Hapana, hapana, hajapewa kitu. Nilidhani ni huzuni, wanataka yaishe. Sikutazama miguu ya farasi wa hata mmoja wao.

Viganja vina jasho. Humu ndani hakujawashwa moto, naona pumzi yangu. Jasho la viganja halitokani na joto, ni neva, ni mwili kujiandaa kwa jambo. Sijawa nalo tangu Februari. Nakaa nikilitazama.

Nje Östen amerudisha bunduki ndani ya gari na kufunga mlango. Sijui kama ni baridi au ameelewa. Hillevi anamlisha Tyra mkate, vipande vidogo vidogo, ili usiishe. Umeisha. Anatafuta mifukoni.

Sasa amemgeuza. Anakuja naye, taratibu, mpaka hapa dirishani. Tyra ameweka pua kwenye kioo, kimejaa ukungu, simwoni tena Hillevi, namsikia tu upande wa pili:

"Mwalimu. Amepewa dawa yoyote?"