Stella Si Ng'ombe

Jumatatu, 3 Machi

Kazini Kakiika. Nimezoa mavi, nimebadilisha maji, nimeng'atwa. Mkono wa kushoto tena, juu ya kiwiko. Huyu farasi Stella ana roho mbaya. Miaka yote namlisha na bado ananitazama kama mwizi.

Saa ya chai Madamu Hilda, mwajiri wangu, aliniita jikoni. Anafunga shamba. Magoti yake yamekwisha, watoto wake wanataka arudi kwao. Farasi wawili wamepata mtu wa Kampala. Stella hakutakiwa. Yule mtu alimkaribia mara moja tu, akarudi garini ameshika bega.

Kisha Madamu akasema: Esperansi, mchukue wewe.

Mimi! Nilisimama na fagio mkononi. Mkimbizi wa kambi ya Nakivale mwenye farasi. Nimekubali kabla akili haijafika. Mpaka sasa haijafika.

Jumatano, 5 Machi

Nimefika nyumbani Juru, huku kambini. Sitaki kuona lori la Canter tena maishani.

Dereva amezoea ng'ombe. Vuta pembe, sukuma matako, amepanda. Huyu pembe hana. Basi akasukuma matako. Weee! Teke la paja. Alikaa chini barabarani akilaani farasi na ukoo wake wote. Mwisho nimempandisha mimi, kwa ndizi za bogoya, tunda moja moja, kama mtoto anayebembelezwa kula.

Kwenye kizuizi polisi alitaka karatasi ya mifugo. Akachungulia nyuma. "Sasa hii ni nini?" Nikasema farasi. "Najua ni farasi, nyabo. Nauliza, inafanya kazi gani?" Nikamwonyesha alama za meno mkononi. Akatupungia tupite.

Rwekubo watu walitoka madukani. Hapa Juru ndiyo usiseme. Mama Diyedone, jirani yangu Mrundi, alifanya ishara ya msalaba, akafunga mlango.

Baba alikuwa kwenye benchi lake. Tangu tufike nchi hii Baba anakaa kwenye benchi. Kule kwetu, milimani Kivu ya Kusini, alikuwa na zizi lililojaa. Watu wenye bunduki walichukua ng'ombe wote, pamoja na Bihogo, yule mwekundu aliyeongoza wenzake. Baba alikuwa peke yake malishoni siku ile. Hajawahi kusimulia. Jina la Bihogo halitaji, na mnyama hajamgusa tena, hata kuku. Anakula, anasali, anakaa.

Leo ameinuka. Kwa fimbo yake akamzunguka Stella polepole. Akainama kutazama chini ya tumbo.

"Maziwa yake iko fasi gani?"

Nikamwambia huyu hakamuliwi. Akanitazama kama mtu aliyeleta sufuria isiyo na kitako. Akarudi kukaa.

Lakini benchi amelisogeza. Lilikuwa linatazama ukuta. Sasa linatazama mti alipofungwa Stella.

Ijumaa, 7 Machi

Stella amekula shuka ya Mama Diyedone. Amepasua jerikeni. Amemng'ata shemasi, tena mtu aliyekuja kutupongeza.

Nimechoka. Nani alinituma?

Jumatatu, 10 Machi

Sikuamini macho yangu.

Nimetoka na sufuria ya uji, Baba yuko chini ya mti. Anamkuna Stella chini ya shingo kwa vidole vyote. Anapiga mluzi, ule wa kunywesha ng'ombe maji mtoni. Sijausikia tangu kwetu. Na Stella, mng'ata watu huyu, kichwa begani kwa Baba, macho amefumba.

Nilibaki mlangoni. Uji ukapoa.

Baba akasema bila kugeuka, "Bihogo alikuwa anapenda fasi hii hii."

Amelitaja. Nimeingia jikoni nimelia. Mama Diyedone aliponiuliza nilisema ni moshi.

Ijumaa, 14 Machi

Stella hayupo tena. Ni Bihogo. Baba anamwita hivyo, basi majirani wote nao Bihogo, Bihogo. Anamtangulia kwenda malishoni bila kamba, mluzi tu, na yule shetani wangu anamfuata mpole. Benchi liko tupu asubuhi nzima. Baba ananenepa. Anadai chumvi kwenye mboga!

Nimefurahi na nimekasirika. Eti sijui kumshika. Nimefanya kazi na farasi miaka, lakini Baba anasema, "Weye ulikuwa unafagia tu." Haya.

Juzi aliwasha mavi makavu chini ya mti afukuze nzi, kama zizini. Ng'ombe hupenda moshi ule. Stella alinyofoa kamba, tukamkuta kwenye mahindi ya watu. Nikamwambia Baba huyu si ng'ombe.

"Kwato iko. Mukia iko. Majani anakula. Ulitaka nini ingine?"

Leo nimempanda. Mara ya kwanza tangu Kakiika, mgongoni gunia tu. Nimepita katikati ya maharagwe ya watu nimekaa juu kama malkia, akina mama wakapiga vigelegele. Moyo ulitaka kutoka. Baba alifoka kwamba mnyama hakaliwi. Kisha niliteleza nikaangukia matako kwenye tope, na Baba akacheka. Akacheka mpaka akashika mti.

Furaha ya leo sijui niiweke wapi.

Jumatano, 19 Machi

Mvua imeanza vizuri. Na kupe. Wengi, shingoni, masikioni.

Nilikuwa Rwekubo kuuza maharagwe. Kurudi, namkuta Baba amelowa, mikono ya shati amekunja, anang'aa. Ameazima bomba kwa jirani mwenye ng'ombe, amempulizia Bihogo dawa ya kupe tangu masikio mpaka mkia. Hakuacha hata sehemu moja. Dawa nzuri, ile inayotumika kwa ng'ombe wote wa huku. Harufu ilijaa uwanja.

Madamu alikuwa akikataza dawa ile. Kakiika tulitoa kupe kwa vidole, mmoja mmoja. Sababu hakuwahi kusema, nami sikuwahi kuuliza. Niliona ni mambo ya wazungu kupenda kazi ngumu wakiifanya wengine.

Nimemshukuru Baba. Nimempikia sombe, majani ya muhogo kama ya kwetu. Amelala mapema kama mtu aliyefanya kazi.

Alhamisi, 20 Machi

Stella hakuning'ata.

Nilimpelekea pumba, akageuza kichwa. Nikapeleka mkono mpaka mdomoni kabisa. Hakuning'ata.

Anasimama kichwa chini, mdomo umelegea. Anatazama ubavu wake. Analala, anainuka. Na chini pakavu, hakuna mavi tangu asubuhi. Farasi asiyekunya ni farasi anayekufa, hilo Madamu alitufundisha siku ya kwanza.

Baba alikuja na chupa ya mafuta amnyweshe kwa nguvu, kichwa juu, kama ng'ombe aliyevimbiwa. Nilimnyang'anya. Atapaliwa, yataingia kwenye mapafu! Nimempigia Baba kelele. Mimi. Baba yangu mzazi. Uwanja mzima ulisikia. Akaniachia chupa.

Nimempigia simu Daktari Peace wa Mbarara, aliyekuwa akija kwa Madamu. Kesho asubuhi.

Ijumaa, 21 Machi

Daktari Peace alikuja na pikipiki yake. Akasikiliza tumbo, upande huu, upande ule. Hakuna kitu, akasema. Tumbo la farasi linanguruma siku zote. La Stella liko kimya kama nyumba iliyohamwa.

Kisha akanusa manyoya ya shingo. Akasimama wima.

"Nani alipiga hii farasi dawa ya kupe?"

Nilidhani anaulizia usafi. Akaeleza. Dawa ile ng'ombe anaoga na kesho yake anakamuliwa. Kwa farasi inalaza utumbo. Chakula kinasimama, kinakauka, kinaziba. "Ng'ombe hapana shida. Farasi, hii ni sumu."

Sumu. Na mimi nilipika sombe!

"Nauliza, nani?"

Nikasema mimi. Sikupanga. Mdomo ulijiendea. Nilikuwa nimeona uso wa Baba.

Daktari akaanza kunifokea. Mtu amefanya kazi kwa mzungu, hajui hata hii! Nikainamisha kichwa. Na Baba akaja mbele, fimbo inagonga ardhi.

"Anadanganya. Ni miye. Miye njo nimemuua."

Daktari alibadilika, akasema polepole, "Pole, muzee. Bado hajakufa."

Tumemuosha kwa sabuni, mimi na Mama Diyedone, yule yule mwenye shuka. Daktari akapitisha mrija wa mpira puani mpaka tumboni, akamimina maji na mafuta. Akachoma sindano ya maumivu. Kabla ya kuondoka akaniambia: ukiona mavi, nipigie hata kama niko kanisani. Usipoona... Akavaa kofia ya pikipiki.

Nimeogopa. Si farasi tu. Stella akifa, Baba anarudi kwenye benchi, na safari hii hatainuka.

Jumamosi, 22 Machi

Hakuna mavi.

Namtembeza kidogo, anapumzika, namtembeza. Daktari amerudi, mpira tena, mafuta tena.

Baba hajala. Nimemwomba aje amkune tu, pale anapopapenda. Akasema mkono wake ni mubaya. Amegeuza benchi. Linatazama ukuta.

Nina hasira. Na nani, sijui. Na ile dawa. Na Madamu aliyekataza bila kusema sababu. Na mimi niliyenyamaza bila kuuliza.

Mama Diyedone ameketi na rozari yake karibu na matako ya Stella. Siku nyingine ningecheka.

Jumapili, 23 Machi

Nimekwenda kanisani kwa sababu nilishindwa kuendelea kutazama. Mama Diyedone alisema nenda, mimi nimeshasali misa ya kwanza, namlinda.

Mchungaji alikuwa katikati ya maombi. Kimya, watu wamefumba macho. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mama Diyedone! Mkatoliki, kitenge kimelegea, rozari shingoni, hana pumzi.

"Esperansi weee! Amekunya!"

Kanisa zima! Watoto wa kwaya wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimesharuka benchi, kiatu kimoja kimebaki ndani mpaka sasa.

Ni kweli. Madonge madogo, magumu, yanang'aa mafuta. Machache. Sijaona kitu kizuri hivyo.

Na Baba alikuwa amechuchumaa pale. Baba, ambaye tangu jana hakugeuza uso. Ameyaokota kwa mikono miwili, ameyashika kama mtu anayepokea baraka, analia kwa sauti. Stella kasimama juu yake, ananusa kofia yake.

Nilipogeuka, kwaya ilikuwa nyuma yangu. Na Mchungaji, na shemasi aliyeng'atwa. Watu na nguo zao za ibada, wamezunguka mavi. Shemasi akasema haleluya, wakajibu amina.

Nimempigia Daktari Peace. Alipiga yowe kwenye simu. Akasema pumba hapana, majani mabichi kidogo kidogo, tusishangilie kabla ya kesho.

Jumatatu, 24 Machi

Kumekucha bila mvua. Mavi tena, mengi, laini.

Baba ameamka kabla yangu. Amefagia chini ya mti, kila kitu kimezolewa. Benchi amelileta pale, ameketi karibu na mguu wa mbele wa Stella, kopo la majivu magotini. Anatoa kupe. Kwa vidole. Mmoja mmoja.

Nikamsalimu. Nikauliza, "Bihogo amelala muzuri?"

Hakuinua kichwa. Akatoa kupe, akamtia kwenye kopo.

"Bihogo alikufa kule kwetu. Walimuchinja mbele ya macho yangu."

Miaka yote hii. Nikachuchumaa kando ya benchi.

"Huyu," akasema, "ni Sitela."

Jina lilimkwama kidogo mdomoni. Akalirudia, Sitela, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Kisha akaniuliza, Baba yangu akaniuliza mimi, kupe wa farasi wanajificha wapi zaidi.

Nikamwonyesha. Chini ya manyoya ya shingo. Ndani ya masikio. Chini ya mkia, lakini pale simama pembeni. Akasikiliza. Tumekaa na Stella mpaka jua limepanda, Baba upande huu, mimi upande ule.

Nilipoinama kuchukua kopo, Stella alining'ata. Bega la kulia. Linauma mpaka sasa.

Sikumfokea.