Kigoda Alichokalia Mtu Wao

Mjukuu wangu Kabula,

Mwangaluka. Hapa Mwamapalala tu wazima, na ng'ombe wa mjomba wako amezaa. Unauliza kama ulikosea kukasirika, huko Bangkok unakoishi sasa, ubalozi wa nchi unakotaka kwenda kusoma ulipokusimamisha juani na kukuhoji kuhusu viza kupitia dirisha la getini.

Hukukosea! Hata mimi nimekasirika. Soko huria lilipoanza, mnunuzi wa pamba kutoka nchi hiyohiyo alifika hapa kwetu. Nikamuuliza shida yake akiwa bado amesimama. Baba mkwe akanifokea mbele za watu: "Umempa kiti?" Nikakimbilia kigoda na maji, nimejaa aibu.

Kigoda kile ndicho nilichokalia nikikuandikia. Cha kwako wao wamekiweka wapi?

Bibi yako