Mchanga Kwenye Reli za Droo

3 Machi

Kwa binti yangu,

Salamu. Mimi mzima, na fundi viatu wa mlango wa pili anakusalimu, anauliza kama kifua chako kimepona. Salamu zimeishia hapo.

Nani alikutuma uguse sanduku langu la vifaa? Ulikuja likizo, ukala, ukalala, ukazunguka na shoga zako. Mimi nimekwenda mazikoni, narudi gerejini nakuta sanduku si langu tena. Navuta droo ya juu, inanirukia yote kifuani. Ya pili hivyo hivyo. Ile ya juu ilikuwa inalia, ya spana ilikuwa inakwaruza, ya breki ilikuwa inagoma katikati kisha inatoa mlio. Nilikuwa nimezizoea. Sasa zote kimya, nabaki kufungua hii na kufunga ile kama mwizi kwenye gereji yangu mwenyewe. Kazi zimesimama.

Niambie ulipaka nini, nikitoe. Siku nyingine ukitaka kusafisha, safisha chumba chako.

Baba yako

14 Machi

Kwa baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, mwambie fundi viatu asante. Natumaini nawe hujambo, ingawa kwa barua ile nilidhani una homa.

Baba, nimeisoma nimesimama, maana kukaa kulinishinda. Hapa kwenye karakana ya mabasi watu wananilipa kwa kazi kama ile. Wewe nilikufanyia bure, siku nzima ya likizo yangu. Nilitoa droo zote. Grisi ya zamani ilikuwa imeshikana na vumbi la chuma hadi ikawa kama lami. Nilisugua reli kwa mswaki na mafuta ya taa, nikakausha kwa kitambaa, nikazidondoshea gololi oili nyepesi tone moja moja, kisha nikafuta iliyozidi ili vumbi lisipate pa kunata. Ndivyo ulivyonifundisha, na nilipokosea ulinipiga kisogoni. Leo nimepatia, unanitukana.

Ni fundi gani analalamika kwamba droo zinateleza? Hata spana zako nilizirudisha kila moja mahali pake, pamoja na yale mapengo uliyoyakata kwa tupa kwenye mipini. Nilidhani ni alama ya kuzuia wezi. Nilipaka oili, basi. Sema asante au kaa kimya.

Binti yako

29 Machi

Binti,

Sijambo. Usinifundishe kazi niliyokufundisha.

Oili yako nimeifuta hadi nimechoka, haiishi. Juzi nimefungua droo siyo, mara tatu, mbele ya mteja, naye akacheka. Kwa hiyo nimechota mchanga hapo nje nikautia kwenye reli zote. Wa chengachenga kwenye droo ya breki, laini kwenye droo ya spana. Sasa zinaongea. Na kazi inakwenda, kama unataka kujua. Jana nimefunga breki za lile gari linalobeba watoto wa shule, na limetoka hapa likiwa sawa.

Simu zako sipokei mpaka utakapoomba radhi.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sikuulizi hali. Sasa naijua, na umekuwa ukinidanganya.

Mchanga. Wewe uliyekuwa ukinifukuza gerejini nikiwa na vumbi mikononi, umetia mchanga kwenye reli zako kwa mkono wako. Kwanza nilicheka. Halafu nikatoa barua zako zote za mwaka huu nikazitandaza kitandani. Mistari inapandana. Maneno mengine umeyaandika juu ya mengine. Nikayakumbuka yale mapengo kwenye spana, yanayosomeka kwa kidole. Baba, huoni. Unazitambua droo kwa mlio kwa sababu macho yamekwisha, na tangu mama atuache hakuna mtu ndani ya nyumba wa kuligundua hilo.

Ningekulilia, kama usingelitaja lile gari. Umefunga breki za watoto wa watu kwa kubahatisha, ukalitoa barabarani, kisha ukakaa chini kunitambia. Nina hasira na wewe ambazo sijawahi kuwa nazo kwa mtu yeyote.

Simu hupokei, kwa hiyo barua hii anakuletea dereva wa basi letu, mkono kwa mkono. Lisimamishe gari hilo leo. Nimemwambia dereva asiondoke mlangoni mpaka aone umetoka.

Binti yako

4 Aprili

Binti yangu,

Mwandiko huu ni wa fundi viatu. Ndiye anayenisomea barua zako tangu mwaka jana. Basi ujue kwamba maneno yako niliyasikia kwa sauti ya mtu mwingine, mbele ya mteja wake aliyekuja kushonewa soli. Alipofika kwenye "Baba, huoni" akaanza kuikunja barua. Nilimwambia aendelee. Hapo nilikuchukia kidogo.

Nilikwenda shuleni nimeshikwa mkono, mtaa mzima unatazama. Gari lilikuwa limeegeshwa, watoto wameanza kupanda. Nikasema washuke wote. Nikapiga jeki, nikafungua magurudumu, nikapapasa moja baada ya jingine. Matatu yalikuwa safi, safi kuliko kazi zako. La mbele kushoto, pini inayoshika pedi haikuwepo. Nikapapasa tena. Haikuwepo. Fundi viatu aliikuta gerejini kwenye droo, nilikoitupia mwenyewe nikidhani ni ile kuukuu.

Mwenye gari alinitolea matusi ambayo fundi viatu amekataa kuyaandika. Watoto walikuwa wamepangwa ukutani na mabegi yao, nikawasikia wakinong'onezana. Walirudi kwao kwa miguu.

Gereji nimeifunga. Usiniletee pole, wala usiniletee daktari bila kuniuliza. Bado nimekukasirikia, kwa oili, kwa barua, na kwa kuwa ulisema kweli. Njoo hasira zikiwa bado zipo, maana zikiisha sijui nitabaki na nini.

Baba yako